Kila Mtu wa Kwanza

Kliniki ya macho ile ilikuwa na madaktari wawili, wauguzi kumi na mmoja, mlinzi mmoja aliyependa kusalimia kuliko kulinda, na chumba kimoja cha faili. Mwenye chumba hicho alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane ambaye kila mtu alimwita Bi Faili, kuanzia Mratibu wa kliniki hadi wagonjwa wenyewe. Aliitikia bila kinyongo, kwa sababu kweli alikuwa na faili zake elfu tisa na ushee, na alijua kila moja ilipolala. Ukimtajia mtu aliyepimwa miwani miaka sita nyuma, hakukimbilia kabati. Alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza ugomvi wa jirani, kisha akakwambia: "Rafu ya nne, chini ya dirisha, jalada limemwagikiwa chai." Chai hakuimwaga yeye. Hilo nalo angekwambia.

Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Mume alikuwapo zamani, akaondoka kwa amani, akisema hawezi kuzeeka na mwanamke anayepanga vijiko kwa urefu. Bi Faili alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi ndani, akakuta vijiko viwili vimepungua, akapanga vilivyobaki.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya ilikuja barua ikitaka mtumishi mmoja apelekwe mafunzo ya kompyuta ya wiki tatu. Mratibu alijiandika mwenyewe, akanunua na begi. Alipopata habari kwamba mafunzo yametolewa hotelini yakahamishiwa darasa la shule ya ufundi, na kwamba chakula kila mtu ajitegemee, mgongo ukamshika ghafla. Begi akabaki nalo, nafasi akampa Bi Faili.

Bi Faili alirudi anajua kuandika programu kwa lugha iitwayo Python. Mlinzi alipoambiwa kwamba jina hilo maana yake ni chatu, hakumpa tena nafasi ya kupumua. "Bi Faili, chatu leo kala?" alimuuliza kila asubuhi getini. "Mfunge vizuri, wagonjwa wenyewe hawaoni wanapokanyaga!" Bi Faili alicheka, akapita. Moyoni alikuwa na furaha ya mtu aliyekutana ugenini na ndugu asiyemjua. Kumbe miaka kumi na tisa alikuwa akifanya kazi ya mashine bila mashine! Mashine nayo ilitaka yale yale aliyoyataka yeye: jina liandikwe kwa mtindo mmoja, kila kitu kiwe mahali pake, na anayetoa amri ajue anachotaka. Hilo la mwisho ndilo lililokuja kusumbua watu.

Mji ule ulikuwa na kliniki mbili za macho. Hii ya Bi Faili ilikuwa kwenye mwinuko, ikaitwa Kliniki ya Juu, na nyingine ilikuwa bondeni, ikaitwa Kliniki ya Chini. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, ukuta wa Kliniki ya Chini ulipasuka ufa wa kupitisha mkono. Wakaguzi walikuja, mmoja akapitisha mkono kweli, na siku ya pili jengo likafungwa. Watu wa Chini wakapandishwa Juu pamoja na viti vyao, mizani yao, jokofu lao la kuhifadhia dawa za matone, na Sista wao.

Sista wa Chini alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Aliingia akiwa amekumbatia daftari kubwa ndani ya foronya ya mto, kama anayehamisha mtoto mchanga. Humo ndimo yalimokuwa majina ya watu wake themanini na saba waliokuwa wakingoja kutolewa mtoto wa jicho. Kliniki ya Juu nayo ilikuwa na wa kwake mia na kumi na wawili. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja, na wakati huo hakikuwa hata kimoja, kwa sababu mafundi walikuwa wanakipanua na kubandika vigae. Walisema wiki sita. Baada ya hapo daktari mpasuaji angefanya watu wanane kwa wiki, wanne Jumanne na wanne Alhamisi.

Wanane kwa wiki, na wanaongoja ni karibu mia mbili. Hapo hata asiyejua hesabu alijua kwamba suala si kama utafanyiwa, ila ni lini. Kwenye ukumbi wa kungojea, watu wa Chini walikalia benchi lililotoka Chini, watu wa Juu wakakalia la kwao, wakawa wanatazamana kama wakwe ambao mahari haijaeleweka. Kutazamana kwenyewe kulikuwa kwa kubahatisha, maana wengi hawakuona hata benchi la pili liko wapi.

Mratibu akaitisha kikao ofisini kwake.

"Mimi sioni ugumu," alianza. "Wenyeji kwanza. Wakimalizika watu wetu, ndio waingie hawa wengine. Mgeni hapakuliwi kabla ya mwenye nyumba."

"Kwenu labda," Sista wa Chini akamkata. "Kwetu sisi mgeni ndiye anayepakuliwa kwanza, na mwenye nyumba akikosa nyama anatabasamu. Halafu ukuta ulipasuka wenyewe, hatukuupasua. Aliye juu mngoje chini, Mratibu! Sisi tumeshapanda, lakini methali haijafutwa."

Wakavutana hivyo nusu saa. Bi Faili, aliyeitwa kuandika kumbukumbu za kikao, akaandika mpaka akaona anaandika sentensi zile zile kwa mara ya tatu. Akaweka kalamu.

"Bosi, samahani. Naweza kuandika programu ya kuunganisha orodha hizi mbili kwa namna yoyote mtakayotaka. Nyinyi mtachagua tu."

Akawaeleza polepole. Chaguo la kwanza: nani atangulie. Wa Juu wote, au wa Chini wote, au mmoja wa Juu mmoja wa Chini, au wote wachanganywe kwa tarehe waliyoandikishwa. La pili: mtu akionekana kwenye orodha zote mbili, abaki mara moja au mara mbili, na kama ni moja, ibaki nafasi yake ipi. La tatu: tofauti za herufi kubwa na ndogo zipuuzwe au la, maana daftari la Sista lilikuwa na majina yote kwa herufi kubwa, kama mtu anayegomba. La nne: asiye na tarehe awekwe mwanzo au mwisho.

"Na tusipochagua?" Sista akauliza.

"Kila chaguo lina jibu lake la kuanzia. Mtu asiposema lolote, programu inafuata hilo."

"Na hilo la kuanzia anaweka nani?"

"Anayeandika programu."

Nje fundi alikuwa anakata kigae, sauti yake ikawaingia kwenye meno. Kisha Mratibu akacheka kicheko cha kiongozi, akasema jambo zito namna hii haliwezi kuachiwa mtu mmoja wa faili, akaunda kamati ya watu saba. Kikao cha kwanza kamati ilichagua mwenyekiti, akawa Mratibu. Cha pili ilichagua jina la kamati. Cha tatu hawakutimia, kwa sababu ilifahamika mapema kwamba siku hiyo hakuna vitafunio.

Bi Faili hakuwangoja. Alikaa na daftari la Sista siku nne, akaingiza jina moja baada ya jingine, akiyatoa kwenye ugomvi na kuyarudisha kwenye sauti ya kawaida. Programu yenyewe haikuzidi ukurasa mmoja. Majibu ya kuanzia aliyaweka bila kufikiri sana, kama mtu anavyoweka viatu mlangoni: wapangwe kwa tarehe, mwenye nafasi mbili abaki na moja, ile yenye tarehe, asiye na tarehe aende mwisho. Akaiendesha. Muda wa kupiga chafya haukupita. Majina mia moja tisini na tisa yaliingia, mia moja themanini na tano yakatoka. Kumi na wanne walikuwa wamejiandikisha kote kote.

Hakuwalaumu. Mtu mwenye busara haweki mayai yote kwenye ofisi moja. Akaiambia programu imwonyeshe hao kumi na wanne, akawa anawapitia mmoja mmoja kwa kidole. Wa tisa alikuwa mama yake.

Orodha ya Juu alimwandika yeye mwenyewe, mwezi wa nne, tarehe tisa, kwa mkono wake. Ya Chini hakuijua. Akafungua daftari la Sista, akakuta jina la mama limebanwa katikati ya mtu wa sita na wa saba, kwa wino wa rangi nyingine, bila tarehe.

Jioni alipofika nyumbani, mama yake alikuwa anamimina chai. Alimimina kwa kidole: kidole kimoja ndani ya kikombe, na chai ikigusa kidole anaacha. Miaka miwili alikuwa akiwatambua watu kwa vikohozi vyao. Aliwaambia majirani kwamba Mungu amempa watoto wanne, wawili wa tumbo na wawili wa jicho, na hao wa jicho ndio pekee ambao hawajawahi kumwacha peke yake.

Kaka yake Bi Faili, fundi majokofu, alikuwapo pia. Alikuja kila jioni kumjulia mama hali, na kila jioni hali ya mama ilijulikana kuanzia wakati wa chakula.

"Kaka," Bi Faili akasema kabla hata ya kukaa, "nani alimwandikisha mama Kliniki ya Chini?"

Kaka mtu akatafuna polepole kuliko chakula kilivyohitaji. "Nilitengeneza jokofu lao la dawa. Sista akaniuliza anishukuru vipi. Nikamwambia mimi sina shida, ila nina mama."

"Akamchomeka wa sita na nusu!"

"Sasa dada, ulitaka nikatae? Mtu anakupa kiti, unauliza kiti kilinunuliwa wapi?"

Mama akageuza uso upande sauti zilikotoka. "Kwa hiyo mimi ni wa ngapi?"

Bi Faili alijua jibu. Angeweza kusema halijatoka bado. Lakini miaka kumi na tisa ya kusema ukweli kuhusu rafu humharibu mtu. "Sabini na moja, mama."

"Sabini na moja kutoka sita?"

"Ile sita haina tarehe, mama. Programu inafuata yenye tarehe."

"Na programu hiyo kaandika nani?"

Kaka mtu akaona kikombe chake kina jambo la kutazamwa.

"Mimi."

Mama akanywa chai yake mpaka mwisho, akakiweka kikombe chini kwa uangalifu. "Watu wengine mtoto wao akiingia ofisini, na wao wanasogea mbele. Mimi wangu ameingia, nimesogezwa nyuma. Basi sawa. Fundi, mwambie karani wa kliniki nimeshiba."

Kuanzia jioni hiyo hakumwita mwanawe jina wala kumsemesha moja kwa moja. Aliongea naye kupitia kaka yake, na kaka asipokuwapo, kupitia ukuta. "Ewe ukuta, kuna mtu ameacha dirisha wazi."

Keshoyake kazini, Bi Faili alifunga mlango wa chumba cha faili, akafungua programu. Palikuwa na maneno mawili tu ya kubadili. Akafuta "mwisho" akaandika "mwanzo", na kwa wenye nafasi mbili akafuta "yenye tarehe" akaandika "ya Chini", akaiendesha. Wasio na tarehe walikuwa wanne jumla, na wote wanne wakaruka juu. Mama akawa wa pili. Fundi cherehani mmoja, aliyengoja kuliko watu wote na aliyekuwa wa kwanza kwa haki, akawa wa tano.

Bi Faili alimjua yule fundi. Alikuja kila Jumatatu kuuliza tarehe, akapapasa meza, akasema kazini sasa sindano anatungiwa na wateja wenyewe. Kutoka wa kwanza hadi wa tano maana yake ni kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Siku mbili! Mtu aliyengoja miezi kumi na minne atashindwaje na siku mbili? Hata hatajua. Na mama ni mama, jamani, na mtu ana mama mmoja tu...

Hapo akajishtukia. Sauti iliyokuwa inasema kichwani mwake haikuwa yake. Ilikuwa na mgongo unaouma na begi jipya. Akarudisha maneno yote mawili kama yalivyokuwa, akachapisha orodha, akaibandika ukutani kabla moyo haujageuka tena. Si kwamba alijiona mtakatifu. Aliona aibu tu, na aibu humsukuma mtu kwa haraka kuliko wema.

Ukutani palikuwa na vurugu siku tatu. Wenye kuona waliwasomea wasioona, na waliosoma walimsomea kila mtu namba aliyoipenda. Mratibu alipofika na kugundua kwamba orodha imetoka kabla kamati haijachagua, alikasirika kidogo. Kisha akasogeza kidole chake ukutani mpaka mia moja ishirini na nane, akasahau kukasirika. Alimfuata Bi Faili chumbani kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu paa lilipovuja.

"Bi Faili, orodha nzuri. Nzuri sana. Sasa, programu hii inaweza kuongezewa chaguo dogo? Dogo tu."

"Chaguo gani, bosi?"

"Tuseme kipaumbele. Kwa wale wenye hali ya pekee. Kuna mzee mmoja mia moja ishirini na nane, hali yake ni ya pekee kabisa."

"Nini chake cha pekee?"

Mratibu akapunguza sauti. "Ni baba mkwe wangu."

Bi Faili angeweza kubisha. Lakini yeye alikuwa ameshaahidi mbele ya kikao, namna yoyote mtakayotaka, na ahadi ni deni. Akaongeza chaguo. Mwenye kipaumbele atangulie, asiye nacho afuate. Wenye hadhi sawa wabaki walivyopangana kwa tarehe. Akatengeneza na fomu, yenye mstari wa jina, mstari wa sababu, na mahali pa Mratibu kutia sahihi. Mratibu akatia ya kwanza akitabasamu.

Siri ya ofisi hukaa muda wa chai kupoa. Sista wa Chini alikuja asubuhi iliyofuata na fomu nne. "Yeye kamleta mmoja wa Juu," alisema, "na mimi nina haki ya kusawazisha." Mbona nne? "Mmoja kusawazisha, watatu wa akiba." Daktari mpasuaji alimleta mwenye nyumba wake. Dereva wa diwani alimleta shangazi yake, akisema ni wa diwani. Mafundi wa vigae walimleta mama wa fundi mkuu, na walipoulizwa sababu walisema kwamba vigae ni kazi ya utulivu wa moyo, na moyo usipotulia vigae huchelewa. Wiki ya tatu wajumbe wa kamati, ambao kuchagua kulikuwa kumewashinda, waliweza vizuri sana kupendekeza, kila mmoja ishirini, wengine zaidi. Mlinzi aliingiza jamaa sita wa getini kwa sababu walimsalimia vizuri. Na kaka yake Bi Faili alipita kwa Sista kimyakimya, maana jokofu lilikuwa halijasahaulika, na mama naye akapata kipaumbele.

Bi Faili alizipokea fomu zote bila kukunja uso. Mstari wa sababu ulikuwa unasomeka vizuri kuliko magazeti: "Anafahamika." "Ni mtu wa watu." "Ana safari." "Aliwahi kuwa mwalimu wa mtu mkubwa." Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba mgonjwa haoni.

Mwishoni mwa wiki ya tano walikuwa wamefika mia moja sitini na wawili. Waliobaki walikuwa ishirini na watatu, watu waliotoka mbali, wasiomjua mtu, wanaokaa pembeni mwa benchi na kusubiri waitwe. Kwa orodha ile wangekuwa wa mwisho wote, hata yule fundi cherehani. Bi Faili alikaa nao kwenye skrini mchana mzima. Kisha akavuta fomu ishirini na tatu, akaandika jina moja moja, na kwenye mstari wa sababu akaandika neno lile lile mara ishirini na tatu: "Haoni." Ilikuwa huruma au hila, mwenyewe hajui mpaka leo. Akazipeleka kwa Mratibu, aliyekuwa kwenye simu. Mratibu alitia sahihi zote ishirini na tatu huku akimweleza mtu wa upande wa pili wa simu kwamba yeye hatii sahihi kitu asichokisoma.

Jumatatu kabla ya chumba cha upasuaji kufunguliwa, Bi Faili aliendesha programu mara ya mwisho. Akaichukua orodha mpya, akaiuliza mashine kama ina tofauti yoyote na ile ya kwanza kabisa, ya tarehe tupu. Mashine ikasema hakuna.

Akabandika. Mratibu alifika na miwani yake, akasogeza kidole, kikashuka, kikashuka tena, kikasimama pale pale kiliposimama wiki tano nyuma.

"Bi Faili! Mbona mzee wangu ni mia moja ishirini na nane?"

"Ndiyo, bosi."

"Si ana kipaumbele?"

"Anacho, bosi. Cha kwanza kabisa kutiwa sahihi."

"Sasa?"

"Na waliomtangulia mia moja ishirini na saba nao wanacho. Sahihi ni zako." Akamletea rundo la fomu. "Wote wakiwa wa kwanza, bosi, mashine inarudi kwenye tarehe."

Mratibu alifunua fomu moja, ya pili, ya kumi, akiutazama mwandiko wake kama mtu anayeonyeshwa picha zake za arusini. Akafikiri. Uso ukang'aa. "Basi ongeza chaguo jingine. Kipaumbele maalumu. Cha juu ya hiki."

"Dakika mbili tu, bosi. Niandike nani?"

Mratibu akafungua mdomo. Mlangoni alikuwa amesimama Sista wa Chini, ameegemea kizingiti, kalamu mkononi, na chini ya kwapa ana karatasi tupu za kutosha kijiji kizima. Alingoja tu, kwa heshima. Nyuma yake bega la dereva wa diwani lilionekana.

Mratibu akafunga mdomo. "Kwa sasa," alisema, "iacheni hivyo hivyo."

Saa nne alitoka akaenda kwenye ukumbi wa kungojea, akawatangazia wagonjwa kwamba baada ya majadiliano ya kina, uongozi umeamua orodha ifuate tarehe ya mtu kuandikishwa, bila kujali cheo, ndugu wala kliniki aliyotoka. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akalia. Mratibu naye akaguswa, akaomba apigwe picha na mabenchi yote mawili, na kwa mara ya kwanza mabenchi yale yakasogezwa pamoja, ili yaenee kwenye picha.

Jumanne fundi cherehani akawa wa kwanza kuingia.

Mama alifanyiwa Alhamisi ya wiki ya tisa. Mpaka siku hiyo alikuwa bado anaongea kupitia ukuta, ingawa ukuta ulikuwa umeanza kupewa salamu ndefu ndefu, na maswali kama vile karani amekula au hajala. Ijumaa asubuhi muuguzi alimfungua bandeji. Kaka mtu alisimama kulia, Bi Faili kushoto. Mama akapepesa jicho, likatoka machozi kidogo, likatulia. Akamtazama mwanawe wa kiume kwanza, akasema, "Umenenepa," kwa sauti ya mtu aliyethibitisha alichokuwa akikisikia. Kisha akageuka kushoto.

"Mbona umezeeka hivi," alisema, "na hukuniambia?"

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia moja kwa moja kwa miezi mitatu na nusu. Bi Faili akacheka, kisha ikabidi atoke nje kidogo akatafute faili ambayo hakuna aliyeiomba.

Amani hiyo ilidumu mpaka mama alipofika nyumbani. Aliona buibui kwenye pembe ya dari. Aliona pazia, ambalo miaka miwili alikuwa akiambiwa ni bluu, kumbe ni kijani. Aliona kikombe chake kina ufa, na kwamba meza imehamishwa, na kwamba jirani aliyekuwa akimsifu kwa sauti nzuri hana meno mawili ya mbele. Kila alichokiona alikitaja, kwa mpangilio, chumba baada ya chumba, na Bi Faili akamfuata nyuma na kitambaa cha kufutia, akiitika, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama," na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa na furaha kiasi hicho.

Kamati ilikutana tena baada ya miezi saba. Ilijipongeza kwa kukamilisha kazi, ikapendekeza wajumbe wake wapelekwe ziara ya kujifunza jinsi miji mingine inavyounganisha orodha, na kwenye orodha ya wasafiri Mratibu aliwekwa wa kwanza. Programu imebaki vile vile, pamoja na chaguo la kipaumbele. Hakuna aliyelifuta. Kila mgonjwa mpya anayeandikishwa hupewa kipaumbele siku hiyo hiyo, fomu ikajazwa, sababu ni "Haoni", sahihi ikatiwa, na foleni inaendelea kwa tarehe.

Ilibaki jicho la pili. Kwa utaratibu wa kliniki, jicho la pili huandikishwa upya, mwishoni. Bi Faili alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo nyumbani, lakini mama alimtangulia. Asubuhi moja alivaa viatu mwenyewe, akaenda kliniki kwa miguu, akasimama dirishani kama mtu yeyote, akamtajia mwanawe jina lake kamili, herufi kwa herufi, asije akakosea. Akapewa namba mia moja sitini na sita.

"Mia moja sitini na sita," akarudia. Akaisoma mwenyewe kwenye karatasi, kwa jicho lake zuri, akaona ni kweli. "Na tarehe umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Haya."

Alikwenda akakaa kwenye benchi kupumzisha miguu kabla ya kurudi. Bi Faili, akiwa dirishani na watu wake, alimwona akifumba jicho zuri na kuitazama kliniki kwa bovu, kisha akifumba bovu na kuitazama kwa zuri, akirudia na kurudia, mlinzi akimuuliza kama kuna tatizo, naye akimpungia mkono anyamaze kwanza, yuko kwenye shughuli.